Ndoo ya dagaa na tasnifu ya uzamivu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mitumbwi ya dagaa ikiwa imeshatia nanga kwenye mwalo mmoja wa upande wa Sengerema, karani wa kikundi cha kusimamia uvuvi, kile ambacho kila mvuvi anakiita BMU, huwa amesimama kwenye matope, daftari la kaunta kifuani. Hapimi uzito wowote. Anahesabu ndoo. Kila ndoo ya lita 20 inayoshushwa kutoka kwenye mtumbwi anaichorea kijiti: vinne vinasimama, cha tano kinavikata. Jua likishapanda na wachuuzi wakishatawanyika kwenye chanja, anakaa kwenye benchi la mama ntilie na kufungua fomu. Kazi ngumu inaanzia hapo, kwa sababu fomu haina safu ya ndoo. Ina safu ya kilo.

Nilimuuliza kilo anazipataje. Akafunua jalada la daftari kwa ndani. Kulikuwa na namba mbili zimeandikwa kwa penseli, moja imepigiwa mstari. "Hii ya dagaa waliotoka majini sasa hivi, hii ya waliokaa wakachuja maji," akasema. "Mwalimu, ndoo ya alfajiri si ndoo ya saa tatu."

Namba hizo hakupewa na mtu. Alizitafuta mwenyewe miaka kadhaa iliyopita, kwa mizani aliyoazima kwa mwenye duka la nafaka. Anazidisha, anajaza kilo, fomu inakwenda wilayani. Ikifika huko inaingizwa kwenye kompyuta, na ndoo haionekani tena. Zinabaki kilo zenye nukta na desimali, zinazojumlishwa na kilo za mialo mingine mpaka zinakuwa takwimu za samaki wa Ziwa Victoria, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, ambalo Tanzania, Uganda na Kenya zinaligawana na zinapaswa kukubaliana jinsi ya kulivua. Wakubwa wanaokaa mezani kujadili kama dagaa wamepungua hawajui kwamba hoja yao imesimama juu ya namba mbili za penseli.

Siku ile nilikuwa nimebeba kwenye mkoba andiko la utafiti la kijana mmoja, mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja hapa Mwanza, anayetaka kusoma shahada ya uzamivu, yaani udokta, katika mifumo ya taarifa za menejimenti, fani inayochunguza jinsi taarifa zinavyokusanywa na kutumika katika kuamua. Aliniomba nilipitie kabla hajalipeleka kwa wasimamizi. Kichwa chake ningeweza kukitaja kabla sijafungua ukurasa wa kwanza: mambo yanayochangia watumishi kuupokea mfumo fulani wa kielektroniki katika Jiji la Mwanza. Watakaojaza dodoso ni 384. Dodoso lina kauli nyingi, kila moja na viboksi vitano, kuanzia "sikubali kabisa" mpaka "nakubali sana". Maandiko ya namna hii nimeyasoma kwa miaka. Jina la taasisi hubadilika, jina la mfumo hubadilika, ila 384 inabaki palepale.

Niseme wazi ninachoamini, kwa kuwa jambo hili linanikaa rohoni. Mtu wa Mwanza anayetaka uzamivu katika fani hii anazungukwa na maswali ambayo hakuna mtu wa Minnesota wala wa Manchester anayeweza kuyajibu kwa niaba yake. Akiyaacha hayo akaenda kuazima swali lililokwisha kujibiwa kwingine, anapoteza miaka yake, anapoteza ada ya familia yake, na karani wa mwaloni anaendelea kubeba peke yake mzigo ambao msomi alipaswa kuushika upande mmoja.

Tuanze na hiyo 384. Inatoka kwenye jedwali la Krejcie na Morgan, lililochapishwa mwaka 1970 ili kuwarahisishia watafiti kazi ya kukadiria ukubwa wa sampuli. Jedwali linasema kwamba ukiwa na watu milioni moja, sampuli ya 384 inatosha kwa kiwango cha usahihi kilichozoeleka. Ukiwa na watu 100 unahitaji 80. Ukiwa na 50 unahitaji 44. Hesabu yenyewe ni sahihi. Lakini ina sharti: watu wachaguliwe kwa bahati nasibu, kila mmoja awe na nafasi ya kuchaguliwa. Mtafiti anayesimama mlangoni pa halmashauri akigawa madodoso kwa yeyote atakayekubali kuyapokea ameshalivunja sharti hilo, na 384 yake haina uzito zaidi ya 60. Tena kuna swali la nyuma ya hilo. Kama wanaoingiza data za mialo yote ya wilaya ni watu wanane, hao 384 ni akina nani?

Nadharia nayo ina kwao. Mara nyingi inayotumika ni ile ya ukubali wa teknolojia, ya Fred Davis. Aliianza katika tasnifu yake ya uzamivu kwenye chuo cha MIT, Marekani, katikati ya miaka ya 1980, akaichapisha kwa ukamilifu mwaka 1989. Hoja yake ni nyepesi na ina nguvu: mtu atatumia chombo cha kompyuta kulingana na anavyoona kitamfaa kazini na anavyoona ni rahisi kukitumia. Aliipima kwa watu 112 katika maabara ya kampuni ya kompyuta ya IBM mjini Toronto, waliokuwa wakitumia barua pepe na programu ya kuhariri mafaili, kisha kwa wanafunzi 40 wa uzamili wa biashara Boston. Jumla 152. Davis alifanya kazi nzuri sana. Aliwaangalia watu wa mahali pake, wenye kompyuta mezani na wenye hiari ya kuitumia au kuiacha, akauliza kwa nini wengine wanaiacha.

Karani wa mwalo hana hiari hiyo. Fomu ni ya lazima. Mhasibu wa halmashauri hachagui kutumia mfumo wa malipo ya serikali. Tangu mfumo huo, GePG, ulipoanza mwaka 2017, bila namba ya malipo, ile ambayo wote tunaiita kontroli namba, fedha hazipokelewi. Mtoza ushuru mwenye mashine ya POS pale Kirumba Mwaloni hajaulizwa kama anaiona inamfaa. Kumpelekea mtu kama huyo dodoso la kumuuliza kama ana nia ya kuendelea kutumia mfumo ni kumuuliza kama ana nia ya kuendelea na ajira.

Na atajibu nini? Nimekaa na watafiti wetu mialoni na zahanati. Mgeni kutoka chuoni anafika, anaamkia, anasema mwangaluka, anakaribishwa kiti, anatoa karatasi. Mwenyeji anajaza "nakubali" na "nakubali sana" kutoka juu hadi chini, kwa adabu ileile anayompa mgeni yeyote aliyetoka mbali. Hakuna uongo hapo. Ni ukarimu. Kompyuta inaupokea ukarimu huo, inautolea wastani wa 4 na nukta kadhaa, na tasnifu inahitimisha kwamba watumishi wanauona mfumo kuwa wenye manufaa makubwa. Zile namba mbili za penseli hazijaulizwa, kwa hiyo hazijajibiwa.

Fani hii haikuanza kama fani ya madodoso. Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kilipofungua programu yake ya mifumo ya taarifa za menejimenti mwaka 1968, chini ya Davis mwingine, Gordon Davis, swali lilikuwa la kazi: mashirika yamenunua kompyuta kubwa, zinatoa karatasi nyingi, na mkurugenzi bado anaamua kwa kubahatisha. Taarifa inapotea wapi kati ya anayeiandika na anayeamua? Mwaka 1977 hapohapo likaanzishwa jarida la MIS Quarterly, ambalo hadi leo wanafunzi wa uzamivu duniani kote wanaota kuchapisha humo. Fani inakaa katikati ya watu wa kompyuta na watu wa menejimenti, na thamani yake yote iko katika hilo swali la njiani. Mtaalamu wa kompyuta atakuambia kama programu inafanya kazi. Mtu wa menejimenti atakuambia kama lengo limefikiwa. Anayefuata namba moja tangu inapozaliwa kwenye matope mpaka inapotumika kwenye kikao ni mtu wa mifumo ya taarifa. Neno letu uzamivu linatokana na kuzama, na sisi wa kando ya ziwa tunajua mzamiaji hushuka mahali pamoja, kwa kamba.

Kuna waliofanya hivyo Afrika, na matunda yake tunayatumia. Baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka Afrika Kusini mwaka 1994, watafiti wa huko na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oslo walianza na zahanati za Cape Town, wakitafuta jinsi ya kuunganisha takwimu za afya zilizokuwa zimegawanywa kwa rangi. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa DHIS2, programu huria inayotumika sasa katika nchi zaidi ya 70. Tanzania iliieneza kote nchini kufikia mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa na mkono mkubwa. Humo ndani kuna tasnifu nyingi za uzamivu za Waafrika na Waasia waliosomea Oslo, na baadhi ya tasnifu hizo zilianzia kwenye chumba cha zahanati, mtafiti akiangalia muuguzi anavyohamisha tarakimu kutoka kitabu hadi kitabu.

Sisi tulikuwa na MTUHA kabla ya hapo. Vitabu vile vikubwa vya wodini na vya wagonjwa wa nje, vyenye namba mgongoni, kila mhudumu wa afya wa Kanda ya Ziwa anavijua kama anavyojua njia ya nyumbani. Jina lenyewe ni la Kiswahili: Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Nchi iliyoupa mfumo wake wa taarifa jina la Kiswahili tangu miaka ya 1990 haipaswi kusubiri nadharia kutoka nje imwambie muuguzi wa Misungwi kwa nini anajaza kitabu mchana na kompyuta usiku.

Sasa niingie kwenye jambo zito zaidi, nalo nalisema kwa heshima ya waliotutoka.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza. Waliozikwa Igoma wanakumbukwa kila mwaka, na kila mwaka watu wa rika langu wanarudia swali lilelile: walikuwamo wangapi? Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Nikiwafundisha wanafunzi wangu hili nawaomba waweke kalamu chini kwanza. Orodha ya meli ni mfumo wa taarifa. Mfumo huo uliwaona waliolipa zaidi na haukuwaona waliolipa kidogo. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba iwe hivyo. Iliachwa tu, kwa sababu tiketi ya kitanda inahitaji jina na tiketi ya kusimama haihitaji.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara, wilayani Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao walizidi mara mbili ya idadi hiyo. Hesabu ya waliokuwamo ilibidi ifanywe kwa miili iliyopatikana na kwa manusura waliotoka, ufukweni, ndugu wakitambuana.

Kati ya 1996 na 2018 nchi ilinunua kompyuta nyingi. Nani ameandika tasnifu ya uzamivu juu ya jinsi kivuko cha ziwa kinavyohesabu watu wake? Simaanishi tume wala ripoti ya ukaguzi. Namaanisha mtu aliyekaa kwenye gati miezi, siku za gulio na siku za kawaida, akaangalia tiketi inakatwa wapi na nani, mtoto wa mgongoni anahesabiwa au hahesabiwi, anayefika akikimbia kengele ikishalia anafanywaje, na mkata tiketi, nahodha na askari nani kati yao ana idhini ya kusema basi. Nimesikia kwenye vivuko neno ambalo halimo kwenye mwongozo wowote: "Hakijajaa, kimebana." Baina ya kujaa na kubana kuna uamuzi, na uamuzi huo unafanywa na kijana mwenye mashine ya tiketi, anayetazamwa usoni na mama mwenye furushi na jua linazama. Mashine inaweza kuhesabu mpaka 101 ikasimama. Mfumo hauishii kwenye mashine.

Huo ni uzamivu kamili wa mifumo ya taarifa za menejimenti. Una taarifa, una mamlaka, una chombo, una uamuzi, na una sababu ya kufanywa.

Kuna wasimamizi watakaonipinga, na hoja yao si nyepesi. Watasema mtahini wa nje anataka namba. Watasema kazi ya kukaa mwaloni haina mwisho, na mwanafunzi ana miaka mitatu, minne akibahatika, huku akifundisha vipindi kumi na vitano kwa wiki. Watasema dodoso linakamilika, na tasnifu inayokamilika inazidi tasnifu bora isiyokamilika. Nimesimamia wanafunzi, najua uchungu wa mtu aliyekwama mwaka wa sita akiwa na marobota ya maandishi ya mahojiano.

Lakini namba sizikatai. Nazitaka zaidi kuliko wao. Chukua ndoo yetu. Mtafiti akae mwalo mmoja wakati wa giza, maana dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi, na mbalamwezi ikipanda mitumbwi mingi inalala. Apime ndoo mia kwa mizani, za alfajiri na za saa tatu. Alinganishe na namba za karani. Atapata kosa, atalijua ukubwa wake na mwelekeo wake. Kisha alifuate kosa hilo: wilayani linajumlishwaje na makosa ya mialo mingine ambako makarani wengine wana namba zao nyingine za penseli, au hawana kabisa? Je, yanafutana au yanaongezana? Ripoti ya mwezi inafanya nini na kalenda ya wavuvi, ambayo inafuata mwezi wa angani wakati fomu inafuata mwezi wa Januari na Februari? Mwezi wa ofisini ukiangukiwa na mbalamwezi mbili, upungufu wa samaki unaoonekana kwenye jedwali ni wa ziwa au ni wa kalenda? Hapo kuna takwimu za kumtosha mtahini yeyote, na hakuna hata moja inayohitaji kiboksi cha "nakubali sana".

Nadharia nazo zipo za kumshika mkono. Richard Heeks aliandika mwaka 2002 juu ya pengo kati ya mfumo ulivyobuniwa na hali halisi ya mahali unapopelekwa, na jinsi watu wa mahali hapo wanavyobuni njia zao za kuliziba. Hevner na wenzake mwaka 2004 walionyesha jinsi ya kufanya utafiti unaotengeneza kitu na kukipima, badala ya kuuliza maoni juu ya kilichokwisha kutengenezwa. Namba za penseli za yule karani ndizo njia ya kuziba pengo. Kumtengenezea fomu inayopokea ndoo, ikajizidishia yenyewe na kutunza kumbukumbu ya ndoo ya awali, ni kitu cha kutengeneza na kupima.

Ugumu halisi uko kwingine, na vyuo vyetu vinahusika nao. Kwanza ni vibali. Barua inatoka chuoni, inakwenda mkoani, inashuka wilayani, inashuka kijijini, na kila inaposhuka inalala. Nilipokuwa nafanya utafiti wangu, barua yangu ilikaa miezi saba kwenye ofisi moja, na ilipotoka, faili nililoomba lilikuwa limehamishiwa kwingine. Kwa wanaotaka kumbukumbu za wagonjwa au za wateja ni haki kabisa wachujwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ina maana yake na mtu wa fani hii apaswa kuwa wa kwanza kuiheshimu. Lakini miezi saba kwa ajili ya orodha ya ndoo za dagaa haimlindi mtu yeyote. Inamsukuma mwanafunzi arudi kwenye dodoso, kwa sababu dodoso analigawa kwa marafiki kazini na kulikusanya Ijumaa.

Pili ni msimamizi wa mbali. Wengi wa Mwanza wanaosoma fani hii ninaowafahamu wameandikishwa Dar es Salaam, Dodoma au Arusha, na msimamizi hajawahi kukanyaga mwalo. Simlaumu kwa hilo. Namlaumu anapoogopa swali asilolijua na kumrudisha mwanafunzi kwenye modeli anayoijua. Wasimamizi wawili, mmoja wa chuo na mwingine anayeijua kazi inayochunguzwa, hata kama huyo wa pili hana udokta, ni jambo ambalo kanuni zikitaka zitaliruhusu.

Tatu ni machapisho. Chuo kinadai makala mbili kabla ya utetezi, mwanafunzi anabanwa na muda, na kwenye barua pepe yake kuna jarida linaloahidi kumchapishia ndani ya wiki mbili akilipa kwa dola. Nimeona watu wazuri wakilipa. Makala hiyo hasomi mtu, na jina lake limebaki humo daima.

Na kuna lugha. Mahojiano yanafanyika kwa Kiswahili, mara nyingine kwa Kisukuma au Kikerewe, tasnifu inaandikwa kwa Kiingereza, na njiani "kimebana" inageuka kuwa "kimejaa". Utafiti mzima umekufa katika neno moja. Naomba vyuo vikubali nukuu zibaki katika lugha zilizosemwa, tafsiri ikae chini yake. Ukurasa utarefuka kidogo. Hasara hiyo ni ndogo.

Juu ya udokta kama cheo nitasema kidogo tu. Katika vyuo vyetu kupanda kuwa mhadhiri kunahitaji shahada hii, kwa hiyo hamu ya kuipata ni halali na wala si tamaa. Familia inajibana, shamba linauzwa, watoto wanazoea kumwona baba au mama akilala mezani. Ndiyo maana nakasirika kuona miaka hiyo ikiishia kwenye kitabu cha jalada jekundu ambacho hata aliyehojiwa humo hakijui. Aliyelipa gharama kubwa kiasi hicho anastahili swali la kwake.

Yule kijana nilimrudishia andiko lake bila alama nyekundu. Nilimwambia, "Mwanangu, acha hili kwa wiki mbili. Nenda mwaloni na mizani." Alinitazama kama niliyemfukuza. Baadaye akanunua mizani ya kuning'iniza pale mjini, akavuka kwa daraja la Kigongo–Busisi, akapanga chumba kwa mama mmoja wa dagaa kwa muda wa giza moja.

Aliporudi hakuja na andiko jipya. Alikuja na madaftari mawili na picha kwenye simu. Ilikuwa picha ya jalada la ndani la daftari la karani. Zile namba mbili za penseli zilikuwapo, na chini yake ya tatu, kwa kalamu ya wino, na tarehe. Walikuwa wamepima pamoja dagaa waliochanganyika na furu, ambao karani alikuwa akiwazidisha kwa namba ya dagaa watupu kwa miaka yote hiyo, na akaamua mwenyewe kubadilisha.

"Mwalimu," kijana akaniuliza, "zile fomu za miaka ya nyuma, zilizokwisha kwenda wilayani, tunazifanyaje?"

Tulikaa na swali hilo mpaka jioni. Siku iliyofuata aliandika barua ya kuomba kuziona.